Goli Lisilo na Marudio

Ubishi ulianzia kwenye benchi, na wewe msomaji unalijua benchi ninalolisema. Ni lile la kibanda umiza: ubao umelazwa juu ya matofali, mbele televisheni, mlangoni pazia la gunia, kiingilio shilingi mia tano. Hapa Same mjini vibanda vya aina hiyo haviko mbali na stendi, maana hata abiria aliyeachwa na basi la Arusha ni mteja. Jamaa mmoja, mshabiki wa Arsenal wa kufa na kuzikana, akasimama wakati wa mapumziko akatangaza: "Oyaa, ligi ni moja tu duniani. Hizi nyingine ni mazoezi." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza. Siku ile nilikuwa na deni, na deni lenyewe nitalieleza mbele ya safari.

Nimeona jibu langu niliandike humu, kwenye jarida letu sisi tunaojifunza kutunga. Kurasa za michezo zina wenyewe. Lakini swali la ligi ipi bora, nikilichunguza vizuri, naona linatuhusu sana sisi wenye kalamu.

Basi nitachukua vipimo vitatu ambavyo kila mbishi wa kijiweni anavitumia: ubora wa mchezo, burudani, na hamasa ya siku ya mechi. Nitapima ligi tatu. Ya kwanza ni Ligi Kuu ya England. Ya pili ni Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara. Ya tatu, msinicheke, ni mpira wa mchangani wa Same na Milima ya Upare, ule wa kijiji kwa kijiji, mshindi anaondoka na mbuzi.

Kwenye ubora tusipotezeane muda, Waingereza wameshinda. Ligi yao kwa sura hii ya sasa ilianza Agosti 1992. Ina timu 20 na mechi 380 kwa msimu, na fedha za televisheni zinamwezesha hata anayeburuza mkia kumnunua mchezaji ambaye klabu zetu zingeishia kumsikia redioni. Uwanja kama zulia. Mtu anapiga pasi ya mita arobaini na inatua mguuni kwa mwenzake kama barua iliyoandikwa anwani. Sisi tulipata kuonja utamu huo kupitia Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepitia Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji, akaingia Aston Villa Januari 2020. Tarehe 1 Februari akafunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga katika ligi ile. Villa walifungwa 2-1 siku hiyo, lakini nani alijali? Vibandani watu walishangilia kama wametwaa kombe.

Ligi yetu nayo si ya kubezwa. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, wakalikosa mikononi mwa USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Simba wakafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, RS Berkane ya Morocco ikawazuia. Timu mbili za mtaa mmoja wa Dar es Salaam kufika huko ndani ya miaka mitatu si mchezo. Ila hapo hapo ndipo ugonjwa ulipo: ni timu mbili. Zamani ubingwa ulikuwa unatembea nchi hii. Tukuyu Stars waliupeleka Mbeya mwaka 1986, Coastal Union wakaupeleka Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar wakauweka kwenye miwa yao ya Morogoro mwaka 1999 na 2000. Lakini tangu Azam walipoutwaa msimu wa 2013/14, hadi kufika msimu wa 2024/25 ulikuwa unapokezana Jangwani na Msimbazi tu. Hadithi yenye wahusika wakuu wawili inaweza kuwa tamu, sikatai. Lakini wale wengine 14 wanafanya nini ndani ya kitabu?

Na mchangani? Nitasema kweli ingawa ni kwetu. Nyumbani kwetu ni Suji, unapanda kutoka Makanya. Uwanja wa mlimani haupatikani kwa kuchagua, unapatikana kwa kukata mlima. Upande mmoja ukingo wa udongo, upande wa pili korongo. Beki akibanwa anabutua mbele kama mtu anayefukuza nyani shambani. Mpira ukiingia korongoni mechi inasimama, watoto wanateremka kuutafuta kwenye migomba, na wachezaji wanakaa chini kunywa maji. Pasi tano mfululizo ni habari ya kusimuliwa. Kwa ubora, tumeshika mkia na tunaujua mkia wetu.

Tuje kwenye burudani. Hapa ndugu yangu wa Arsenal ana hoja, tena nzito. Ligi iliyompa Leicester ubingwa mwaka 2016, timu ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, inajua kutunga. Ligi ambayo bingwa wake wa 2012 alipatikana kwa goli la Sergio Agüero katika dakika za nyongeza za mechi ya mwisho inajua kumweka msomaji roho juu hadi ukurasa wa mwisho. Mwandishi akileta mwisho wa namna ile tungemwambia amezidisha chumvi.

Burudani ya ligi yetu mara nyingi inachezwa nje ya uwanja. Nani amesahau Machi 8, 2025? Watani wa jadi walikuwa wakutane. Mkesha wake Simba wakazuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Nchi nzima ikageuka mahakama, na sisi Wapare, tunaosingiziwa kwamba kesi kwetu ni chakula cha pili baada ya makande, tulijiona tuko nyumbani. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Ilikuwa burudani, ndiyo, lakini burudani ya kusoma barua za viongozi badala ya kuangalia miguu ya wachezaji. Mhakiki hawezi kuipa alama kamili.

Hata hivyo ligi yetu ina burudani moja ambayo wengi wa rika langu wameisahau: kusikilizwa. Baba yangu hajawahi kukanyaga uwanja wowote wa Dar es Salaam. Lakini mwulize habari za mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Enzi hizo alikuwa kibarua kwenye mkonge kule Makanya. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo bado, ilikuja mwaka uliofuata. Walikuwa wanaume wengi kwenye redio moja. Simba walikuwa wametoka sare 0-0 ugenini, watu wameshaanza kusherehekea. Kisha wakafungwa 2-0 nyumbani. Baba anaposimulia goli la pili anasimama kwenye kiti, anaonyesha kipa alivyoruka na alivyochelewa. Mzee hakumwona kipa! Alimwona kwa masikio. Watangazaji wa Redio Tanzania wa zama zile, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walikuwa wanafanya kazi ile ile tunayojaribu kuifanya sisi humu, ila wao hawakuwa na nafasi ya kufuta na kuandika upya.

Hamasa ya siku ya mechi. Kwa Mkapa pakijaa watu 60,000, Simba na Yanga, hakuna haja ya ubishi. Lakini nenda mikoani. Mkubwa akija kucheza ugenini, utakuta wenyeji wa mji wamevaa jezi za mgeni, wanamshangilia mgeni, na timu yao wenyewe inacheza nyumbani kama imefikia gesti. Jambo hili linaniuma kuliko matokeo yenyewe. Ni watu waliofundishwa kwamba cha kwao hakishangiliwi.

Na kibandani? Kelele zipo, tena nyingi. Ila nyimbo tunazozisikia zinaimbwa na watu wengine, kwenye baridi ya kwao, kuhusu mtaa wao. Sisi tunaazima tu. Umeme ukikatika, hamasa imekwisha, tunabaki tukitazamana gizani na kudai shilingi mia tano zetu.

Mchangani hakuna swichi ya kuzima. Mlimani kwetu majirani wengi ni Wasabato. Kanisa lao liliingia nchini kupitia milima hii hii ya Upare mwaka 1903. Kwa hiyo Jumamosi uwanja unalala, na Jumapili unaamka kwa nguvu za siku mbili. Mama mwenye ndizi mbivu amekaa palepale kwenye mstari wa kona na hasogei hata kona ikipigwa. Wazee wanamlaumu mwamuzi kwa Chasu ili asielewe, na mwamuzi ni mtu wa Mbaga, anaelewa kila neno. Mchezaji akikosa goli, shangazi yake yupo pale kumwuliza amekula nini.

Sasa lile deni.

Mdogo wangu wa mwisho anacheza kijijini, namba tatu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kufunga. Jumapili moja ya Septemba walikuwa na mechi ya kumaliza ubishi na vijana wa kijiji jirani. Alinipigia simu mwenyewe: "Kaka, utapanda?" Nikamwambia nitapanda. Mechi ilikuwa saa 10 alasiri. Saa 10 hiyo hiyo Arsenal walikuwa uwanjani. Nikajiambia nitaangalia kipindi cha kwanza, kisha nichukue bodaboda. Mnajua yaliyonipata. Nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi wakati jamaa yule anatangaza kwamba ligi nyingine ni mazoezi, na wakati huo huo, juu ya mlima ninaouona nikitoka tu mlangoni, mdogo wangu akafunga.

Goli la Arsenal siku ile nililiona mara kumi na zaidi. Kutoka mbele, kutoka nyuma, polepole, na usiku tena kwenye simu. La mdogo wangu halina marudio. Jumapili iliyofuata nilipanda Suji kulitafuta. Baba akasema alipiga kwa kulia. Mama mwenye ndizi akasema kushoto, na kwamba mpira ulimgusa mtu kwanza. Watoto wakaniambia lilikuwa shuti la katikati ya uwanja. Kipa aliyefungwa, nilimkuta kisimani, akasema lilikuwa la kuotea. Mwenyewe nikamwuliza, akaangalia chini. "Nilipiga tu, kaka." Kisha akasema, bila hasira: "Nilikutafuta pale kwenye ukingo."

Hapo ndipo nilipopata hukumu ya uhakiki huu. Ligi ya England inatunzwa na kamera, na hainihitaji. Ligi yetu Kuu ilitunzwa na redio, leo inatunzwa na Azam TV, walioingia mkataba wa miaka kumi mwaka 2021. Mchangani kunatunzwa na midomo tu. Wazee wale wakiondoka, na shangazi, na mama wa ndizi, goli lile litakuwa halijawahi kufungwa.

Nakiri kosa langu kwanza ndipo niwaguse wenzangu. Hadithi yangu ya kwanza ya mpira ilikuwa na shujaa anayecheza Manchester, theluji inadondoka mabegani. Theluji niliyowahi kuiona ni ile ya Kilimanjaro, ya mbali, siku mawingu yakiachia. Rafiki aliyeisoma aliniuliza swali moja: "Huyu kijana anatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo, kila ninapopitia miswada ya wenzangu, namkuta yule yule: mchezaji asiye na shangazi, uwanja usio na korongo, mechi iliyonakiliwa kutoka kwenye televisheni iliyokwisha kuionyesha vizuri kuliko sisi. Washikaji, tunashindana na kamera kwenye uwanja wake.

Kwa hiyo jamaa wa Arsenal nampa haki yake: ligi yake ni bora, na Jumamosi nitakuwa pale kwenye benchi kama kawaida, sijaokoka. Lakini Jumapili saa 10 nitakuwa kwenye ukingo wa udongo kule Suji, na daftari mfukoni. Namba tatu amenihakikishia hawezi kufunga tena. Nimemwambia haidhuru, nitaandika hata akikosa.

Mwenye hoja tofauti ailete. Kurasa ziko wazi.