Tunaulilia udi, tunaisahau meza

Saa kumi na moja alfajiri mimi na mama tulikuwa tumeshaketi katika ukumbi wa kungojea wa Uwanja wa Ndege wa Mtwara. Ndege ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu. Mama hakuwahi kupanda ndege, na mtu aliyezoea mabasi ya alfajiri ya kwenda Dar anajua jambo moja kubwa kuhusu safari: ukichelewa, umeachwa. Ndiyo maana tuliingia watu wa kwanza.

Dada yangu alikuwa amejifungua huko Dar es Salaam, na mama alikuwa anakwenda kumwangalia mzazi mpaka arobaini. Alibeba korosho za kubangua, kanga mbili mpya, chetezo cha udongo, na kopo dogo la udi alilolifunga kwenye kitambaa kama vile linaweza kuhisi baridi. Mkoba wake ulipopita kwenye mashine, kijana wa ukaguzi aliusimamisha.

"Mama, shikamoo. Hiki ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Udi huo. Wa mzazi."

Kijana alifungua kopo, akanusa, akanusa tena, kisha akalifunga na kumrudishia kwa mikono miwili. "Mpe hongera mzazi," akasema. Haikufika hata dakika moja. Mama aliona ni jambo la kawaida. Mimi nilisimama pale kama niliyepigwa na kitu, kwa sababu ndani ya begi langu nilikuwa na riwaya ambayo tukio lake la mwanzo ni hilohilo, ila mwisho wake ni mwingine.

Riwaya ni *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001. Nilikuwa nimeahidi kuiandikia uhakiki kwa miezi kadhaa na kila nikianza nakwama. Saleh Omar, mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Zanzibar, anatua uwanja wa Gatwick, Uingereza. Aliyemuuzia tiketi amemwonya asionyeshe kwamba anajua Kiingereza, kwa hiyo anakaa kimya mbele ya ofisa wa uhamiaji anayeitwa Kevin Edelman. Ofisa anapekua mzigo wake na kukuta kijaluba cha mti wa mahogani chenye udi, ud-al-qamari, udi wa thamani. Mzee aliupata zamani kwa mfanyabiashara aitwaye Hussein, aliyekuja na pepo za musimu kama walivyokuja wengi kabla yake. Edelman anaunusa. Anaupenda. Anauchukua. Na mzee, ambaye angeweza kumjibu kwa Kiingereza safi, hasemi neno.

Kila ninayemfahamu aliyeisoma riwaya hii analikumbuka tukio hilo. Ofisa mwenyewe ni mtoto wa wazazi waliokimbia Romania, lakini anaona wao walikuwa na haki ya kuingia kwa kuwa ni watu wa Ulaya. Katika kurasa chache Gurnah anatuonyesha ukoloni mzima ukiwa umevaa sare na kushika kalamu: anayekuja lazima ajieleze, anayepokea ana ruhusa ya kuchukua. Kamati ya Nobel ilipomtuza Gurnah mwaka 2021, ilitaja athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Tangu hapo ndivyo tunavyomsoma. Gurnah ni mwandishi wa wakimbizi, basi, na kijaluba cha udi ni nembo yake.

Nadhani tumemsoma nusu. Nilikuwa nakwama kwa sababu nilikuwa najaribu kuandika nusu hiyohiyo.

Nusu ya pili ni meza. Ni meza ndogo ya mpingo, mti ambao huku kusini tunaujua kwa majina ya Wamakonde wanaouchonga. Saleh Omar alikuwa muuza samani. Alimuuzia Hussein meza hiyo, na Hussein akampa zawadi kijana aitwaye Hassan, wa nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud. Kisha Hussein alimkopesha Rajab Shaaban fedha, akachukua hati ya nyumba yake kama dhamana. Baadaye akaitumia hati hiyohiyo kukopa kwa Saleh Omar, akaondoka na upepo, asirudi. Saleh Omar alibaki na karatasi. Akaenda nayo mahakamani, akaipata nyumba na vilivyokuwamo. Na meza ikarudi dukani kwake.

Siku moja mama mwenye nyumba akamtuma mwanawe mdogo, Latif, aende kumwomba Saleh Omar walau ile meza. Ilikuwa ya kaka yake aliyeondoka. Mtoto akaenda, akaeleza alichotumwa, akarudi mikono mitupu.

Hebu yaweke matukio mawili kando kwa kando. Mtu mwenye mamlaka yuko nyuma ya meza yake. Mbele yake amesimama mtu asiye na chochote isipokuwa maneno, na maneno hayamsaidii. Kitu chenye thamani ya moyo kinabaki kwa mwenye mamlaka. La kwanza limetokea Gatwick na tunalilia. La pili limetokea kwetu, kati ya majirani waliosali msikiti mmoja, na wengi wetu tukimaliza kitabu tumeshalisahau. Gurnah hakulisahau. Mzee anaingia Uingereza kwa pasipoti yenye jina la Rajab Shaaban, yaani jina la mtu ambaye nyumba yake aliichukua. Na kinachomfukuza kwao uzeeni, baada ya kifungo cha miaka mingi, ni Hassan yuleyule, aliyerudi kudai. Kwa maneno mengine, udi uko Gatwick kwa sababu ya deni lililoanzia nyumbani.

Hii ndiyo sababu nasema Gurnah, kabla hajawa mwandishi wa ukimbizi, ni mwandishi wa rehani. Tazama *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nayo inaanzia mahali pa kusafiria: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, yuko stesheni ya treni akishangaa Wazungu wawili. Muda si mrefu anaondoka na Ami Aziz, tajiri anayempa sarafu kila akija. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfungua macho: huyo si ami yako, mwite seyyid, uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Mtoto mwenyewe ndiye rehani. Na lililoificha rehani hiyo ni neno la ukoo, neno tamu kabisa, ami.

Mahali pa kungojea panamfaa mwandishi wa namna hii. Niliutazama ukumbi wetu ulipoanza kujaa: mfanyabiashara wa korosho mwenye simu mbili, wanaume watatu wenye viatu vizito ambao niliwadhania ni wa gesi, mwanafunzi aliyelala amekumbatia begi. Katika ukumbi wa ndege kila mtu amegeuka mzigo kidogo. Umekabidhi vitu vyako, umeshika karatasi, na mtu mwingine ndiye atakayesema lini unaondoka. Kwa saa moja na nusu unaonja hali ya kuwa mikononi mwa mwingine. Kisha unaitwa, na unasahau.

Mimi sikuweza kusahau, kwa sababu ya tiketi ya mama.

Nyumbani kwetu ni njia ya kwenda Kilambo, kabla hujafika mto Ruvuma. Shamba letu linapakana na la mzee ninayemwita Mjomba. Hatuna damu moja, lakini amenibeba mgongoni. Msimu wa 2018 kila mtu wa kusini anaukumbuka: Serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Januari iliyofuata Mjomba alikuja kwa baba. Alitaka shilingi 400,000 kwa ajili ya ada na matibabu ya mkewe. Baba alizitoa. Wakaandikiana karatasi kwamba mikorosho saba iliyo mpakani itavunwa na sisi mpaka deni litakapolipwa. Karatasi haikusema kama mavuno yenyewe yatahesabiwa kuwa malipo. Mjomba hakuuliza. Unamuulizaje mtu anayekusaidia?

Huku kwetu kuna neno kangomba, la wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida, nje ya utaratibu na kwa bei ya shida hiyo. Kangomba ni neno baya. Watu hulitaja kwa kunong'ona. Nyumbani hatukuwahi kulitumia kwa mikorosho ile. Tuliita kusaidiana. Katika *Peponi* anayedai ndiye anayeitwa ami. Kwetu anayedaiwa ndiye ninayemwita Mjomba. Neno la ukoo lilifanya kazi ileile.

Pale ukumbini nilifanya hesabu kwenye ukurasa mtupu wa nyuma ya riwaya. Mkorosho mmoja kilo 10, ambazo si nyingi. Mikorosho 7, kilo 70. Shilingi 2,000 kwa kilo, bei ya chini, ni shilingi 140,000. Toa 30,000 za salfa na vibarua. Zinabaki 110,000 kwa msimu. Misimu minne ni shilingi 440,000. Deni lilikuwa limeshajilipa mwishoni mwa msimu wa 2022, na sisi tumeendelea kuvuna. Nauli ya mama kupanda ndege ilitoka katika mauzo ya mwaka huu, na katika magunia yale sikuweza kusema lipi lilikuwa letu na lipi la Mjomba.

Hapo ndipo nilipoona pia kasoro ya riwaya ninayoipenda. Katika sehemu yake ya mwisho, Latif, ambaye sasa ni mtu mzima na msomi London, anamtembelea Saleh Omar katika mji mdogo wa pwani. Wanaketi, wanazungumza, kila mmoja anasikia upande wa mwenzake. Ni kurasa nzuri mno. Lakini upatanisho ule una urahisi wake. Nyumba imekwenda, walioumia zaidi wengi wamekufa, na bahari iko katikati. Hakuna cha kurudisha isipokuwa habari. Ni rahisi kusema ukweli juu ya meza wakati meza haipo tena chumbani. Gurnah anatufundisha vizuri namna ya kusimuliana deni, lakini hatuonyeshi mtu akilirudisha angali analifaidi. Swali hilo anatuachia sisi ambao mikorosho yetu bado imesimama.

"Kitabu hicho kinasemaje?" mama aliniuliza. Alikuwa ameniona naandika namba.

Nilimsimulia. Nilianza na udi, akacheka kwa sababu ya kopo lake, kisha akakasirika kwa ajili ya yule mzee. "Akamchukulia? Hivihivi?" Nikamwambia hivihivi. Kisha nikamsimulia meza. Nilisimulia polepole: hati, mahakama, mtoto aliyetumwa. Mama aliacha kucheka.

"Na huyo mtoto, meza hakupewa?"

"Hakupewa."

"Kwa nini? Meza tu?"

"Alisema ni yake. Alikuwa na karatasi."

Mama alitazama kopo la udi mapajani. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, na ndege ilikuwa imeshaonekana pale uwanjani. Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mawazo yamehamia kwa mjukuu.

"Ile karatasi ya Mjomba wako," akasema, "baba yako ameiweka kwenye Msahafu."

Sikujua nijibu nini. Nilimwonyesha hesabu. Mama husoma namba vizuri kuliko mimi. Ndiye anayekwenda kwenye mnada wa chama. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye salfa, akasema vibarua nimewapunja, walikuwa zaidi ya hapo. Nikasahihisha. Zikabaki shilingi 95,000 kwa msimu, na deni likasogea mpaka msimu wa tano. Bado lilikuwa limekwisha.

Tukaitwa. Mama alisimama na watu wote, akashika mkono wangu kwenye ngazi za ndege, na angani hakusema jambo lingine isipokuwa kuuliza kama ule mstari wa maji chini ni Rufiji.

Naandika haya Dar es Salaam, nyumba ikinuka udi. Arobaini itakwisha wiki ijayo, na mama amesema tutarudi kwa basi. Ameniomba ule ukurasa wa nyuma ya kitabu. Nimeuchana nikampa, ameukunja, na ameuweka ndani ya kopo.