Augustino na Vitabu vya Ujana Wake

Watu wengi husoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino kwa habari ya toba tu. Walakini kitabu hicho chaonyesha pia jinsi yampendezayo mtu yabadilikavyo.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika Thagaste, mji uitwao sasa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa hadithi ya Virgil. Alipopata miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, akaanza kuitamani hekima. Lakini alipoyafungua Maandiko aliiona lugha yake duni, akayaacha, akawafuata watu wa Mani. Asibatizwe hata mwaka 387. Miaka kumi hivi baadaye, alipoandika Maungamo, aliyahesabu machozi yale ya Dido kuwa wazimu.

Hapo, kwa maoni yangu, alizidi ukali. Nani aliyemfundisha kupanga maneno hata yatuchome mioyo, kama si hao Virgil na Cicero? Wako walimu wawakatazao watoto ngano za bibi zao, kwa kuwa wao wenyewe wamekwisha kuzichoka. Sura hiyo na waisome kwa hadhari.

Tena, alipopita miaka 70, alivipima vitabu vyake kimoja kimoja. Asema Maungamo yangali yakimgusa moyo. Ila mahali alipoeleza kifo cha rafiki yake, kwamba aliogopa kufa asije rafiki akafa kabisa pamoja naye, apaona kuwa ni maneno ya madaha, si ungamo zito. Mimi hupapenda mahali hapo kuliko pote.