Ukuta Umesajiliwa, Jina Je? Uhakiki wa Dhana ya Urithi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Maandishi kuuhusu aghalabu huanza na majengo: Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na Kanisa la Anglikana la Mkunazini lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Kisha hufuata aya moja ya vyakula vya Forodhani, kama kitindamlo. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Majina ya mitaa na ya vyakula ni kumbukumbu sawa na kuta, na sera inayolinda ukuta huku ikiliacha jina lipotee imelinda nusu ya mji.

Tuchukue Darajani. Mgeni akifika hapo leo haoni daraja. Palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na upande wa pili, na daraja la kuuvukia. Mkono huo ulifukiwa, ikapita barabara. Kilichosalia ni majina mawili, Darajani na Ng'ambo, na hili la pili ndilo zito zaidi. Ng'ambo ni ng'ambo kwa mtu aliyesimama upande wa mawe. Aliyezaliwa huko hupataja kwao kwa jicho la jirani yake. Mpaka wa kitabaka umo ndani ya jina hilo moja, na sijui jengo lolote mjini linaloueleza kwa ufupi namna hiyo. Hata hivyo sifa za urithi zimeelekezwa kwenye mawe, na Ng'ambo, kwa mara nyingine, imewekwa ng'ambo.

Vyakula vinadai uchambuzi wa namna iyo hiyo. Urojo ni mchuzi mzito wa unga na manjano, wenye ukali wa ndimu au embe, unaotiwa viazi, bajia, kachori, mishkaki na chatne. Jina lake linatokana na uzito wa mchuzi, uleule tunaousikia katika neno rojorojo. Kwa wageni chakula hiki huuzwa kwa jina la “Zanzibar mix”, jina linaloona tu kwamba vitu vimechanganywa. Kosa kubwa zaidi limo katika “pizza” ya Zanzibar. Unga wake hutandazwa ukawa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma, hauingii tanuri. Ndugu zake ni mutabbaq wa Uarabuni na mkate wa mayai wa Mombasa. Neno “pizza” linampeleka mlaji Italia, ilhali chakula chenyewe kinamwelekeza Bahari ya Hindi.

Huenda ikadaiwa kwamba huu ni usafishaji wa lugha. La. Bajia, kachori na chatne ni maneno ya wageni, na forodha yenyewe, iliyoipa Forodhani jina, asili yake ni Kiarabu. Maneno hayo yaliletwa na watu waliokaa, wakapika, wakatoza ushuru, wakazikwa hapa. Kwa hiyo yanasimulia. Jina lililobuniwa ili mnunuzi wa usiku mmoja asiulize swali halina la kusimulia. Wala simlaumu muuzaji, ambaye ana watoto wa kulisha. Lawama ni ya wanaoandaa vibao na vipeperushi, na kwa kiasi fulani ni yetu sisi wanaisimu, tuliozoea kuisifu Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu bila kwenda kusikiliza lugha ya jikoni mwake.

Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Msiba huo ulishtua, na kwa haki. Lakini jengo lina picha na vipimo, na fundi anaweza kurejea humo. Jina la chakula likitoweka kwenye ulimi wa kizazi kimoja, hakuna mchoro wa kurejea.

Kwa washauri wa sera, ninapendekeza kibao chochote kinachogharimiwa kwa fedha za umma kitangulize jina la Kiswahili pamoja na sentensi moja ya maelezo, na mafunzo ya waongoza watalii yatahini majina hayo kama yanavyotahini tarehe za masultani. Lililo gumu zaidi ni ukusanyaji. Majina yakusanywe kwa wapishi, wauza kahawa na wazee wa barazani, Ng'ambo pia isiachwe, na kila jina liandikwe pamoja na namna ya kupika au sababu ya mahali kuitwa hivyo. Watafiti wasiishie kumuuliza mama anakiitaje chakula chake. Wamuulize pia wajukuu zake wanakiitaje.