Ostseehalle: Jengo la Kweli, Jina la Kupanga

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba nihakiki ukumbi. Usicheke! Jengo nalo lina fani na maudhui yake. Tena kitabu kibaya unakifunga na kukitupa uvunguni. Jengo baya utapita mbele yake kila siku mpaka uzeeke.

Ukumbi wenyewe uko Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Wenyeji wanauita Ostseehalle, yaani Ukumbi wa Bahari ya Baltiki. Nilipelekwa mwaka 2023 na mshikaji wangu anayesoma huko. Kwa nje, sikufichi, haukunibamba. Nikamwambia, "Ndio huu? Mbona kama ghala?"

Akacheka. "Umepatia bila kujua."

Kumbe kiunzi chake cha chuma kilikuwa banda la ndege za kijeshi, zile zinazotua majini, katika kisiwa cha Sylt. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Kiel, uliokuwa mji wa jeshi la majini, ulikuwa umebomolewa vibaya na mabomu. Basi watu wakalifungua lile banda, wakasafirisha vyuma, wakavisimamisha upya mjini. Mwaka 1951 ukumbi ukafunguliwa.

Hapo nikavua kofia. Sisi waandishi chipukizi tunadhani kila kazi lazima ianzie kwenye karatasi nyeupe. Wale walianza na mabaki ya vita, wakayapa kazi nyingine.

Na fani imetulia kweli. Banda la ndege halitaki nguzo katikati, mabawa yatapita wapi? Leo nafasi ile ile inamfaa mtazamaji: hakuna nguzo ya kumziba macho. Siku ile walikuwa wanacheza mpira wa mikono THW Kiel, klabu iliyoanzishwa mwaka 1904. Kwa jezi zao nyeusi na nyeupe wanaitwa Zebra. Ndiyo, punda milia wa nchi ya baridi! Wamekuwa mabingwa wa klabu za Ulaya miaka ya 2007, 2010, 2012 na 2020. Ukumbi unameza watu zaidi ya 10,000, na wakipiga kelele unazisikia kifuani. Siku nyingine uwanja unafunikwa, jukwaa linawekwa, muziki unapigwa.

Sasa nije kwenye kasoro, maana uhakiki wa kusifia tu si uhakiki. Kasoro ni jina. Mwaka 2008 jina la zamani liliondolewa mlangoni, likawekwa Sparkassen-Arena, jina la benki. Mwaka 2020 likaja Wunderino Arena, jina la kamari ya mtandaoni.

Nilipomlalamikia, mshikaji alinijibu, "Hela ya kuendesha ukumbi itoke wapi?" Swali la haki. Ukumbi hauli makofi, na benki sina ugomvi nayo sana. Lakini kamari? Pembeni yangu alikaa mtoto wa miaka kama minane, amevaa jezi ya punda milia. Akiulizwa shuleni jana alikuwa wapi, ataje kamari kabla hajajua kamari ni nini? Sisi vijana wa mijini, ambao mikeka imekausha mifuko ya wenzetu wengi, hatuhitaji kuelezwa ubaya wake. Vyuma vilivyoponywa na vita havikustahili kutangaza biashara hiyo.

Tiketi yangu iliandikwa jina la kamari. Lakini tulipopotea njia na kumwuliza mama mmoja mzee, hakulijua, au alijifanya halijui. Mshikaji alipotamka "Ostseehalle" tu, akatunyooshea kidole.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: fani imefaulu, maudhui yamefaulu, jina limeanguka. Bahati nzuri jina liko mikononi mwa watu wa Kiel wenyewe, nao bado hawajaliuza.