Sauti za Kuazima: Fani na Maudhui katika Filamu Fupi Alive in Joburg

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuonyesha jinsi viwili hivyo vinavyotegemeana. Katika filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, hapana budi kuongeza jambo la tatu, nalo ni gharama. Kile ambacho msanii hawezi kukinunua humlazimisha kutafuta kingine cha kuziba pengo, na hicho kingine huweza kuibadili maana ya kazi nzima. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuitazama Alive in Joburg, filamu fupi ya mwaka 2006, ya muda wa dakika sita hivi, iliyoongozwa na Neill Blomkamp.

Kisa chake kimewekwa katika mji wa Johannesburg, mwaka 1990, zama za mwisho za utawala wa ubaguzi wa rangi. Vyombo vikubwa vinaelea juu ya mji. Viumbe kutoka sayari nyingine wameteremka na kulazimishwa kuishi miongoni mwa maskini. Wanashutumiwa kuiba maji na umeme, na polisi wanapambana nao kwa risasi. Yote hayo yanasimuliwa kwa mtindo wa taarifa ya habari: kamera inatikisika, na watu wanahojiwa mitaani.

Tukianza na fani, yafaa kukumbuka kwamba watengenezaji hawa hawakuwa wanagenzi. Blomkamp, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1979, alikwisha kufanya kazi ya kutengeneza picha kwa kompyuta nchini Kanada. Pamoja naye walikuwapo Simon Hansen na Sharlto Copley, ambaye alishiriki katika utayarishaji na pia kuigiza. Umahiri wao unadhihirika hasa katika yale wanayojinyima. Kila sekunde ya picha ya kompyuta hudai kazi nyingi. Kwa hiyo mashine na viumbe huonekana kwa muda mfupi tu, na mtikisiko wa kamera husaidia kuficha mahali picha ya kweli ilipoungwa na ya kubuni. Msanii mwenye fedha kidogo mara nyingi hutamani kuonyesha kila alichonacho. Hawa walijua kwamba mtazamaji huamini zaidi kile anachokiona nusu.

Lakini nguvu kubwa ya filamu hii haikutoka katika kompyuta. Imetoka katika vinywa vya watu wanaohojiwa. Blomkamp mwenyewe ameeleza kwamba aliwauliza Waafrika Kusini weusi juu ya Wanigeria na Wazimbabwe wanaoishi kwao, na kwamba majibu tunayoyasikia ni majibu ya kweli. Mtu amesema maneno juu ya jirani yake. Filamu ikamwondoa jirani na kuliweka dude mahali pake. Ni vigumu kwa mwigizaji kuigiza uchungu na hofu ya namna ile. Hapo ndipo uzuri wa kazi ulipo, na hapo hapo ndipo penye kasoro yake: ndani ya filamu hakuna lolote linalomjulisha mtazamaji kwamba aliyekuwa akisemwa ni binadamu.

Suala hili lina upande wa lugha pia. Neno moja la Kiingereza humtaja mtu wa nchi ya kigeni na kiumbe wa sayari nyingine, na dhamira nzima imejengwa juu ya utata huo. Mfasiri wa Kiswahili hana njia rahisi ya kuuhifadhi. Akisema "mgeni", analeta neno lenye heshima na baraka, kwani wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akisema "dude", amekwisha kutoa hukumu ambayo filamu inataka mtazamaji aitoe mwenyewe.

Kwa msomaji wa Kongo haya si mambo ya mbali. Wakongomani wengi wamehamia Johannesburg, hasa katika mtaa wa Yeoville. Mwezi wa Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra zikaenea kwingineko, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Maneno yaliyorekodiwa kwa ajili ya filamu ndogo yalikuwa yakisemwa mitaani kabla ya damu kumwagika.

Mwaka 2009 kisa hiki kilipanuliwa kuwa District 9, kwa dola milioni 30 hivi, Peter Jackson akiwa mtayarishaji. Fedha hazikuondoa kasoro tuliyoitaja. Safari hii Wanigeria walitajwa waziwazi, wakachorwa kama majambazi walao nyama ya viumbe wale, na serikali ya Nigeria ikalalamika.

Kwa maoni yetu, Alive in Joburg ni mfano bora wa fani kwa kila kijana wa Lubumbashi au Goma anayetaka kutengeneza filamu ya mapigano kwa fedha kidogo. Na aifuate katika kuchagua wenzake mafundi na katika kuficha kuliko kuonyesha. Katika maudhui, hata hivyo, asiifuate bila kufikiri. Anayeazima sauti ya jirani yake amweleze itatumiwa kwa kazi gani, na amwachie mtazamaji njia ya kutambua ni nani aliyekuwa akisemwa.