Shaka ya Jagina: Kinjeketile na Suala la Thamani ya Nafsi

Makala haya yanakusudia kujadili namna moja ya usomaji ambayo hujitokeza mara kwa mara katika insha za wanafunzi wanaosoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), katika madarasa yetu hapa Eldoret. Haitokani na uvivu. Aghalabu huipata kwa wale waliosoma kwa bidii. Husema kwamba Kinjeketile ni jagina, yaani shujaa mwenye uwezo unaopita ule wa binadamu wa kawaida. Kwamba uwezo huo amepewa na pepo wa mtoni. Kwamba baadaye anajishuku. Na kwamba mwishoni, akiwa gerezani, anaishinda shaka yake na kuitambua thamani ya nafsi yake. Hoja tatu za mwanzo twazikubali. Ya nne hatuikubali, na tutajaribu kuonyesha kwamba anayeikubali huipoteza tamthilia yenyewe.

Mfano ambao wanafunzi hawa wanautumia, hata pasipo kuutaja, unajulikana ulikotoka. Mwaka 1962 mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walichapisha huko Marekani kisa cha Spider-Man katika kijarida cha picha. Kabla ya hapo majagina wa vijarida hivyo walikuwa, kwa kawaida, watu wasiotikisika. Superman, aliyetangulia mwaka 1938, hakuwa mtu wa kulala macho akijiuliza kama anastahili. Peter Parker ni kijana wa shule, yatima, mnyonge mbele ya wenzake, ambaye anaumwa na buibui na kupata nguvu. Nguvu hazimwondolei unyonge. Anamwacha mwizi akapita, mwizi huyo anamwua ami yake aliyemlea, na tangu hapo kijana anaishi kati ya uwezo na majuto. Tangu kisa hicho, mtindo wa jagina anayejishuku umeenea mno katika vitabu na sinema, hata kijana wa Uasin Gishu huuchukua kuwa ndio umbo la asili la kila hadithi ya shujaa.

Hatuna nia ya kuubeza mtindo huo. Una ukweli wake. Lakini msomaji na atazame kitu kimoja tu, nacho ni kinyago. Peter Parker hujifunika uso. Mji mzima unamjua jagina wala haumjui kijana. Kwa hiyo shaka yake ni jambo la chumbani, na kupona kwake vilevile ni jambo la chumbani. Thamani anayoitafuta imo ndani ya nafsi yake, kama sarafu iliyodondoka chini ya kitanda, na kazi ya kisa ni kumwinamisha aiokote.

Je, Kiswahili kinaiweka thamani ya mtu mahali hapo? Hapa yafaa tuisikilize lugha kidogo kabla ya kuifikia fasihi. Vitenzi vya kujirejea vinavyohusu mtu kujipima mwenyewe, vilivyo vingi, ni vitenzi vya lawama. Anayejiona ni mwenye majivuno. Anayejisikia ni yuyo huyo. Anayejidai, anayejitapa, anayejikweza, wote hawa lugha imekwisha kuwahukumu kabla hawajafungua kinywa. Ni kweli kwamba kujiheshimu na kujistahi ni sifa njema. Lakini vitenzi hivyo huhusu mwenendo wa mtu mbele ya watu, yaani jinsi anavyojiweka ili wengine nao wamheshimu. Kujiamini, kwa maana ya kuridhika na nafsi yako, ni neno ambalo leo tunalisikia zaidi darasani, kazini na viwanjani kuliko katika tungo za kale. Hatusemi kwamba Mswahili hakuwa na moyo wala hofu. Tunasema kwamba aliizoea hesabu ambayo hadhi ya mtu iko mikononi mwa wenziwe, na mtunzi anayeandika kwa lugha hii huikuta hesabu hiyo imekwisha kuandikwa.

Chukua Fumo Liongo, jagina wa kwanza wa fasihi yetu, kama alivyoandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu katika utenzi wake wa mwaka 1913. Liongo hajishuku hata mara moja. Anajigamba, tena sana, lakini kujigamba kwake ni tendo la hadhara, lenye wasikilizaji na kanuni zake. Anayeshuku ni mtawala wa Pate, anayemwogopa asije akamnyang'anya ufalme. Na shaka hiyo ya mtu mwingine ndiyo inayosukuma kisa chote, kutoka gerezani hadi sindano ya shaba ambayo mwanawe Liongo anashawishiwa kumchoma nayo kitovuni. Baada ya kuchomwa Liongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anaweka mshale katika upinde na kufia papo hapo. Kwa siku kadhaa watu wanaogopa kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai. Tukio hili halijapewa uzito linaostahili. Nafsi ya Liongo imekwisha kuondoka, wala hakuna aliyebaki humo wa kujiamini au kujishuku. Hata hivyo jina lake lingali linakilinda kisima. Uwezo wa jagina huyu ulikuwa machoni pa watu tangu mwanzo, na kufa kwake kumeudhihirisha tu.

Hussein anaanzia hapo hapo, kisha anafanya jambo ambalo utenzi haukulifanya: anamweka jagina hai ndani ya jina lake, na kumlazimisha alitazame.

Historia ni hii kwa muhtasari. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alijulikana mnamo 1904 kwa kugawa maji ya dawa ambayo, ilisemwa, yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete na vita vikaanza. Mapema Agosti, kabla vita havijaenea, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Hakuyaona mashambulizi ya boma la Mahenge mwishoni mwa mwezi huo, wala njaa iliyoletwa na Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Vita vilipozimwa mwaka 1907, makadirio ya waliokufa yalikuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Katika utangulizi wake Hussein anatuonya kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa Ngarambe. Wasomaji wengi hulipita onyo hilo kama adabu ya kawaida ya watunzi. Lakini tofauti kubwa kabisa kati ya hao wawili ni tarehe ya kifo. Mtu wa historia alikufa kabla maji hayajashindwa. Mtu wa jukwaani anaachwa aishi hadi baada ya kushindwa, aone maiti, kisha aulizwe. Mtunzi amemwongezea maisha ili amwongezee swali.

Na shaka yenyewe inaanza wapi? Haianzi katika unyonge. Kinjeketile anavutwa mtoni mbele ya watu, anatoka kesho yake bila ya kulowa, na watu wote wanashuhudia. Hana kinyago. Anapowahutubia, maneno yake ya umoja yanapokelewa kwa shangwe. Kisha kinywa chake kinatamka kwamba baada ya Mjerumani kuondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Hapo anashtuka. Kwa nini ashtuke? Kwa sababu ameielewa sentensi yake mwenyewe. Kama Hongo anawatoa chini ya mtawala mmoja ili awaweke chini ya mwingine, basi huyo Hongo ni nani, na hilo neno ni la nani? Wenyeji wa pwani ya kusini waliujua utawala wa masultani wa Unguja. Hilo halikuwa fumbo kwao. Shaka ya Kinjeketile, basi, ni fikra ya kisiasa, na kwa maoni yetu ndiyo fikra yake ya kwanza iliyo yake hasa, kwa kuwa yote aliyoyasema kabla ya hapo yalikuwa ya pepo. Kuita hali hiyo upungufu wa kujiamini ni sawa na kumwambia mtu aliyegundua kosa katika hesabu kwamba anahitaji kutiwa moyo.

Kuanzia hapo anajaribu kuchelewesha vita. Hawezi. Watu wamekwisha kulichukua neno na kwenda nalo, na yeye aliyelizaa amebaki mdogo kando yake. Wako wahakiki waliolisoma jambo hili kama mafunzo juu ya viongozi wa miaka ya Azimio la Arusha, na wako waliolisoma kama uthibitisho kwamba historia hutengenezwa na umma wala si na mtu mmoja. Masomo yote mawili yana mashiko. Tunachoongeza ni kwamba katika tamthilia hii imani ya watu si kioo ambamo jagina huiona thamani yake akafarijika. Ni mzigo anaotwishwa, tena anaujua uzito wake kuliko waliomtwisha.

Sasa tuje gerezani, ambako insha za wanafunzi wetu hujikwaa. Wajerumani wanataka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uwongo. Yeye mwenyewe hayaamini tena maji. Kukiri kungekuwa kusema kweli. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa anajua kwamba adui hatalitumia tangazo hilo kuhusu maji. Atalitumia kuhusu sababu iliyowafanya watu wayanywe, na watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba baba zao walikosea walipokataa kutawaliwa. Anayezungumza hapa si mtu aliyeipata nafsi yake. Ni mtu aliyeiweka kando. Amekubali kukumbukwa kama mwongo au mwendawazimu, mradi kukataa kutawaliwa kusiitwe uwongo.

Tungependa pia kumtetea Kitunda, ambaye wahakiki wamemtendea kama msindikizaji. Yeye ndiye aliyewafunza askari, ndiye aliyewapeleka vitani, na ndiye anayemsihi Kinjeketile akiri. Ombi lake ni la haki. Kwingineko watu wangali wanapigana kwa kuyategemea maji, na kila siku ya kimya cha Kinjeketile ni siku ya maiti wengine. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba Kinjeketile anashinda katika mabishano haya anaharakisha. Hussein hakumnyamazisha Kitunda kwa hoja; anayekatiza mazungumzo ni mwenye kiboko. Kwa upande wetu twaona kwamba kukataa kwa Kinjeketile ni kwa kishujaa na kwamba hakumwondolei deni la waliokufa. Usomaji wa kujiamini hauwezi kuyabeba yote mawili, kwa sababu ndani yake jagina akishapona mwenyewe hesabu imefungwa. Watu wa Mahenge hugeuka kuwa ngazi ya kupandia moyo wa mtu mmoja.

Kwa kulinganisha, Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, katika mchezo wao wa mwaka 1976 uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, wanamweka Kimathi naye gerezani mbele ya vishawishi. Lakini Kimathi wao hana neno asiloliamini. Ni mchezo wenye nguvu jukwaani na wenye maswali machache kitandani.

Hapa Eldoret suala hili lina sura ya karibu zaidi. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi miwili na nusu tu baada ya Kinjikitile kunyongwa, Richard Meinertzhagen alimwua Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa suluhu. Kwa takriban miaka kumi Wanandi walikuwa wamepinga kupitishwa kwa reli na utawala wa Waingereza. Wanafunzi wa kwetu huandika juu ya Kinjeketile huku wakimfikiria Koitalel, nasi twawahimiza wafanye hivyo. Je, naye alikuwa na saa yake ya shaka? Shahidi aliyeacha maandishi ya siku ile ni muuaji mwenyewe, aliyechapisha shajara yake mwaka 1957, na wataalamu wa ndege wamekwisha kuthibitisha kwamba mtu huyo aliiba na kughushi hata vielelezo vya ndege waliokaushwa. Hatuwezi kumtegemea atuonyeshe moyo wa Koitalel.

Lakini nje ya moyo kuna ushahidi mwingi. Mwuaji alizichukua fimbo zake za uongozi hadi Uingereza. Tatu zilirudishwa mwaka 2006, na makumbusho yenye jina lake yako Nandi Hills. Mwaka 1923 mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa kabla ya sherehe kubwa ya Wanandi kufanyika, akatumikia kifungo na uhamisho wa miaka mingi kwa jambo ambalo halijatendeka. Na mwaka 1934, Koitalel akiwa kaburini kwa miaka ishirini na tisa, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha jamaa zake wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, wanaume kwa wanawake na watoto, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria.