Kumuse na Suala la Faraja: Maombolezo ya Watachoni wa Matete

Fasihi ya maombolezo katika Afrika ya Mashariki imechunguzwa zaidi kwa upande wa maandishi kuliko wa masimulizi. Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyekabili maangamizi akayatafutia maana, aghalabu humtaja Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Inkishafi yake, na hapo hutua. Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi mno. Huko bara, katika sehemu za Matete, kaskazini ya Kakamega na si mbali na Webuye, Watachoni pamoja na jirani zao Wabukusu wanayo sanaa ya kumkabili mauti hadharani iitwayo kumuse, na sanaa hiyo inastahili kupimwa kwa mizani ile ile ya uhakiki inayotumiwa kupimia utenzi.

Kumuse haifanywi kwa kila mfu. Hufanywa kwa mzee aliyetahiriwa, akaoa, akaacha watoto na wajukuu, na ambaye heshima yake katika jamii haina shaka. Baada ya maziko watu hukusanyika, wakaacha uwazi katikati yao, na msemaji akaingia humo akiwa amevaa joho na kushika fimbo, akawa anakwenda na kurudi huku akinena. Si kila mwenye ulimi mwepesi awezaye kusimama pale. Kazi hii hufuata ukoo. Hadhira hukaa kimya. Kuinuka-inuka au kunong'ona ni utovu wa adabu mkubwa, na kimya hicho ni sehemu ya fani yenyewe, kwani ndicho kinachoyapa maneno ya mtu mmoja uzito wa kauli ya jamii nzima.

Wanahistoria waliitambua thamani ya masimulizi ya namna hii mapema kuliko wahakiki. Gideon Were katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluhya, na F. E. Makila katika kile cha mwaka 1978 juu ya Wabukusu, walitegemea sana kauli za wazee katika kupanga safari za koo na mfuatano wa vizazi. Kazi yao ni ya kushukuriwa. Hata hivyo mazoea yaliyofuata, ya kuiendea kumuse kama ghala la habari, yana hasara yake: mchunguzi huchota majina na njia za uhamaji, akaacha kando swali la kwa nini habari hizo zisemwe mbele ya kaburi bichi, kwa watu waliokesha wakilia. Mjane hahitaji kufundishwa kwamba mababu walitoka Misri. Basi anaambiwa kwa sababu gani?

Sababu iko katika mpangilio. Msemaji huanza mbali sana, katika Misri ya masimulizi, akashuka kwa vituo vya uhamaji, vita, njaa, na waaguzi kama Mutonyi wa Nabukelembe, anayesimuliwa kuwa aliutabiri ujio wa wageni. Polepole masimulizi hukaribia nyumba hii na kaburi hili. Msiba uliokuwa ukionekana kuwa mwisho wa dunia hupata mahali pake katika safu ndefu ya misiba ambayo watu waliipita. Faraja ya kumuse inatokana na safu hiyo, wala haitokani na ahadi yoyote.

Jambo hili hudhihirika zaidi pale inapotajwa Chetambe. Mwaka 1895 majeshi yaliyoongozwa na C. W. Hobley, yenye askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika, yaliivunja ngome ya Lumboka, kisha yakaiendea ngome ya Chetambe katika vilima vilivyo juu ya Webuye. Chetambe mwenyewe alikuwa Mtachoni. Watu wengi waliuawa, na baada ya hapo utawala wa kigeni ukathibitika. Fasihi nyingi za ushujaa hupita upesi mahali pa kushindwa, au hukugeuza kushindwa kuwa ushindi wa siri. Mahali ambapo kumuse iko katika ubora wake haifanyi hivyo. Kushindwa kunatajwa kuwa kushindwa, na kilima chenyewe kiko pale, kinaonekana. Kisha masimulizi yanaendelea, kwa sababu waliobaki walizaa, na waliozaliwa ndio hao walioketi wakisikiliza. Hapa ujasiri hauhubiriwi; msikilizaji anaonyeshwa kwamba yeye ni ushahidi wake.

Ikilinganishwa na Inkishafi, tofauti ni ya msingi. Mtunzi wa Pate anausemeza moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba yaliyobomoka, na kuuelekeza kwenye akhera. Magofu ni hoja juu ya ubatili wa dunia. Msemaji wa Matete anawasemeza wengi, na gofu lake halimfunzi kuidharau dunia: linamfunga nayo zaidi, kwa kuwa wafu wa Chetambe ni wazee wake na ardhi ni ile ile. Si kazi ya mhakiki kuamua ni ipi kati ya imani hizi mbili iliyo ya kweli. Lakini ni kosa kusema, kama inavyosemwa wakati mwingine, kwamba ya kwanza ina undani wa kiroho na ya pili ni desturi tu.

Elijah Masinde aliielewa nguvu hiyo kuliko wasomi wengi. Mwaka 1947, baada ya kutoka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikokuwa amefungiwa, aliwaongoza wafuasi wa Dini ya Msambwa hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Serikali iliona uasi. Na kwa kweli uasi ulikuwamo, ila ulikuwa umevaa vazi la maombolezo. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akahamishwa. Miongoni mwa mahali alipowekwa ni Lamu, jirani na Pate ile ile ya Inkishafi. Laiti kungekuwako mtu wa kuwakutanisha wafiwa wa pande hizo mbili.

Kasoro ya kumuse haipasi kufichwa. Ikiwa faraja yake ni safu ya vizazi, basi ina neno kwa yule tu aliyeacha kizazi. Kijana aliyekufa kabla ya kuoa hafanyiwi, wala mtoto. Kwa hiyo mahali ambapo huzuni ni kali kuliko zote, sanaa hii kuu hunyamaza. Katika miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipowachukua vijana huku wazee wakibaki kuwazika, kimya hicho kilizidi kusikika. Pengo lilijazwa na nyimbo za makanisa, ya Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 na mengineyo, na katika nyua za Matete mama aliyefiwa na mwana huimbiwa kwa lugha ambayo haimuulizi marehemu aliacha wajukuu wangapi.